Dakika za Mwanzo ni za Jirani: Huduma ya Kwanza kwa Majeruhi na Waliopatwa na Dharura

(Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa mjini na mashamba. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu ili yawafikie pia wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikia.)





Mtu akianguka kutoka juu ya mkarafuu, katika shamba lililo mbali na barabara ya lami, daktari hatakuwapo. Hatakuwapo muuguzi wala gari ya wagonjwa. Watakaokuwapo ni wachumaji wenzake, mwenye shamba, na pengine watoto waliokuja kuokota karafuu za chini. Yatakayotendwa na watu hao katika robo saa ya mwanzo ndiyo mara nyingi yatakayoamua iwapo majeruhi yule atarudi kusimama kwa miguu yake au atamaliza umri wake juu ya kitanda. Hali ni hiyo hiyo kwa mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto jikoni, kwa mvuvi aliyechomwa na mwiba wa taa, na kwa karani aliyeanguka ghafla juu ya meza yake ya kazi saa nne za asubuhi.

Jambo hili si geni duniani. Mwezi wa Juni mwaka 1859, baada ya vita vya Solferino katika nchi ya Italia, maelfu ya majeruhi walilala bila ya tabibu. Waliowaosha majeraha na kuwapa maji walikuwa wakaazi wa mji wa jirani wa Castiglione, na wengi wao walikuwa wanawake wa kawaida. Henry Dunant wa Uswisi, aliyeyaona hayo na kushiriki katika kazi hiyo, ndiye aliyetoa fikra iliyozaa Msalaba Mwekundu mwaka 1863. Na hapa Zanzibar, alfajiri ya tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilipozama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, wavuvi, wenye boti za watalii na wakaazi wa pwani walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuwatoa watu baharini. Hawakungoja kuitwa.

Kwa hivyo upungufu uliopo visiwani si wa huruma. Huruma ipo, na pengine inazidi kiasi. Upungufu ni wa maarifa, na huruma isiyo na maarifa huweza kumdhuru mtu kuliko ajali yenyewe.

Kabla ya kumgusa majeruhi, mwenye kutaka kusaidia hana budi asimame kidogo na kutazama. Waya wa umeme ulioanguka baada ya mvua umeshawaua waokoaji waliomkimbilia mtu wa kwanza. Yapasa umeme uzimwe kwanza kwenye swichi kuu, na ikiwa ni waya wa barabarani watu wakae mbali mpaka wafike mafundi wa Shirika la Umeme. Ikinuka gesi ndani ya nyumba, madirisha yafunguliwe, wala swichi yoyote isiguswe, si ya kuwasha wala ya kuzima. Baada ya kutazama, mtu mmoja atajwe kwa jina au aoneshwe kwa kidole na aambiwe apige simu, kwani ukiuambia mkusanyiko mzima "pigeni simu", kila mmoja hudhani mwenzake ameshapiga. Nambari 112 ni ya dharura, na vyema nambari ya kituo cha afya cha karibu nayo iwe imeandikwa ukutani kabla ya siku ya haja.

Turudi kwenye shamba la karafuu. Tawi la mkarafuu huvunjika kwa urahisi, nao mti wenyewe hufika mita 10 na kuzidi. Mchumaji akianguka, ada ya watu ni kumwinua haraka, kumkalisha, kumpa maji, kisha kumbeba mmoja kwa makwapa na mwengine kwa miguu mpaka barabarani. Kila kimoja katika vitendo hivyo ni hatari. Mfupa wa shingo au wa mgongo ukiwa umevunjika, uti uliomo ndani yake unaweza kuwa bado mzima, na ukakatika pale mtu anapokunjwa ili akalishwe. Aliyeanguka akiwa na uwezo wa kutikisa vidole vya miguu akafikishwa hospitali hawezi kuvitikisa, basi madhara hayo huenda yamempata njiani.

Inavyotakiwa ni majeruhi aachwe alivyolala, madhali anapumua na mahali pale pana usalama. Mtu mmoja apige magoti kichwani pake, akishike kichwa kwa viganja viwili, kimoja kila upande wa masikio, akizuie kisigeuke. Mtu huyo asiondoke hapo kwa sababu yoyote, na ndiye atakayekuwa mwenye kutoa amri. Majeruhi aulizwe jina lake, aulizwe wapi panauma, na atakiwe atikise vidole vya mikono na vya miguu. Akitaka kutapika, watu wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa, mabega na nyonga vikienda sambamba kwa hesabu ya yule aliyeshika kichwa. Akiomba maji, midomo irowanishwe tu, kwa kuwa huenda akahitaji kupasuliwa.

Ya kumbebea ni machela, na shamba halina machela. Wapo wanaoleta kitanda cha kamba. Kitanda cha kamba hubonyea katikati, na mgongo nao hubonyea pamoja nacho. Mlango uliotolewa bawabani ni bora zaidi, au ubao mpana, na majeruhi afungwe juu yake kwa kanga kifuani, nyongani na miguuni, na kichwa kizuiliwe pande mbili kwa nguo zilizoviringishwa. Gari ya ng'ombe ikiwa ndiyo iliyopo, basi iende taratibu. Kuchelewa nusu saa kwa mtu anayepumua vizuri na asiyetoka damu ni afadhali kuliko kumrusharusha katika mashimo.

Mkono au mguu uliovunjika hufungwa banzi. Ubao, fimbo, hata gazeti nene lililokunjwa hufaa. Banzi lipite kiungo cha juu na kiungo cha chini ya pale palipovunjika, liwekewe nguo laini ndani, na lifungwe imara bila ya kukaza mno. Baada ya kufunga, kucha za kidole zikiwa za buluu au vidole vikawa baridi na kufa ganzi, vifungo vilegezwe. Mfupa uliotokeza nje usirudishwe ndani, bali ufunikwe kwa kitambaa safi. Hapa pana jambo linalohitaji kusemwa kwa heshima. Wako wazee wenye mikono mizuri ya kukanda na kuunga viungo, na wananchi wengi wanawaamini. Lakini kukanda mahali pavimbe kabla ya eksirei ni kuuchoma mwili kwa ncha za mfupa wake wenyewe, na mzee mwenye hekima ndiye wa kwanza kusema, "Mpelekeni kwanza akapigwe picha."

Ama kuungua, hii ni ajali ya jikoni, na wanaoumia zaidi ni watoto. Jiko la makaa huwekwa sakafuni, usawa wa mikono ya mtoto anayejifunza kutambaa. Mwezi wa Ramadhani ndiyo huzidi, kwa kuwa sufuria huwa nyingi na akina mama wamo katika haraka ya magharibi. Mtoto akimwagikiwa na uji au chai, mwenye nyumba hukimbilia alichonacho, kikiwa dawa ya meno, unga wa ngano, ute wa yai au mafuta ya nazi. Vyote hivyo huhifadhi moto ndani ya ngozi, huleta vijidudu, na baadaye muuguzi hulazimika kuvikwangua juu ya nyama mbichi huku mtoto akilia.

Dawa ya kuungua ni maji. Ni maji ya kawaida yanayotiririka, si barafu, kwa muda wa dakika 20 kamili kwa saa. Dakika 20 ni nyingi kwa mama anayesikia kilio. Wengi huacha baada ya dakika mbili wakidhani yametosha, na hali moto bado unaendelea kuingia chini ya ngozi. Hata ikiwa saa nzima au mbili zimeshapita tangu kuungua, maji bado yana faida. Bomba likiwa halitoi, ndoo moja na kata hutosha, maji yamwagwe polepole, yakingwe kwa karai safi, yamwagwe tena. Nguo zilizorowa kwa maji ya moto zivuliwe upesi, isipokuwa ile iliyogandana na ngozi, hiyo ikatwe pembeni yake na kuachwa. Bangili na pete zitolewe kabla ya uvimbe. Sehemu nyengine za mwili wa mtoto zifunikwe kanga kavu ili asipatwe na baridi. Kisha jeraha lifunikwe kitambaa safi kilichofuliwa na kupigwa pasi, bila ya kupakwa kitu, wala malengelenge yasitumbuliwe.

Kipimo cha kwenda hospitali kipo mkononi mwa aliyeungua mwenyewe. Jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja chake pamoja na vidole, au likiwa usoni, mikononi, sehemu za siri au penye kiungo, basi si la kutibiwa nyumbani. Mtoto mchanga hupelekwa kwa jeraha lolote.

Kuna balaa jengine la jikoni lisilo na moto. Mafuta ya taa hununuliwa katika chupa ya soda, chupa huwekwa chini ya meza, na mtoto mwenye kiu huijua chupa ya soda. Akishayanywa, ada ni kumtapisha kwa kidole au kumnywesha maziwa mengi. Kumtapisha ni kosa kubwa, kwani mafuta huua yanapoingia mapafuni, na kutapika ndiko kunakoyapeleka huko. Maziwa nayo huchochea kutapika. Mtoto asitapishwe, asinyweshwe kitu, awekwe amekaa wima au ubavu akiwa amezimia, na apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe ili daktari ajue alichokunywa. Maji ya betri na dawa za kusafishia choo nazo hazitapishwi, kwa kuwa kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda.

Damu itokayo kwa panga, kisu cha kuchinjia au kioo cha dirisha huzuiwa kwa mkono. Kitambaa safi kikunjwe, kiwekwe juu ya jeraha, na kikandamizwe kwa nguvu zote bila ya kufunuliwa kila mara kutazama kama imekwisha. Kitambaa kikirowa, chengine kiongezwe juu yake, cha kwanza kisitolewe. Mwenye kukandamiza avae glavu zikiwapo. Kahawa ya unga, tumbaku, utandu wa buibui na udongo havina nafasi juu ya jeraha, na katika udongo ndimo inamokaa pepopunda. Kufunga kamba juu ya jeraha ni kwa damu inayoruka au kububujika kutoka mkononi au mguuni na kukataa kusimama kwa kukandamizwa. Kifungo hicho kiwe kipana kama mkanda, si uzi wala waya, kiwe juu ya jeraha kwa vidole vitatu au vinne na kisiwe juu ya kiungo, na saa kilipofungwa iandikwe hata juu ya paji la uso kwa kalamu. Kikishafungwa kisifunguliwe na mtu mpaka hospitali.

Damu ya pua ni jambo dogo linalokosewa kila siku katika skuli. Mtoto hulazwa chali au huambiwa atazame juu, na damu humwingia tumboni akaitapika. Ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa vidole dakika 10 hadi 15, apumue kwa mdomo. Basi.

Majeruhi wa pikipiki na vespa asivuliwe kofia ngumu maadamu anapumua. Watu huogopa kumgusa majeruhi wa barabarani kwa khofu ya polisi na ya ile fomu ya PF3. Fomu ina mahali pake na wakati wake, lakini karatasi haizuii damu. Kumkandamiza mtu jeraha lake barabarani si kuharibu ushahidi.

Sasa bahari. Watu wa visiwani hujidhania kuwa wote ni waogeleaji, na sivyo. Meli ya MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 ikitokea Dar es Salaam, haikuwa imepita hata mwaka mmoja tangu msiba wa Nungwi. Lakini mbali na meli, wako watoto wanaotumbukia visimani, na wako akina mama wa mwani wanaorudi ufukweni maji yameshajaa. Anayezama humkumbatia anayemwokoa wakazama wote wawili, kwa hiyo asiyekuwa hodari asiingie majini. Atupe kamba, au dumu tupu lililofungwa kifuniko, au anyooshe upondo, huku akipiga kelele za kuita watu.

Akishatolewa, ada ya pwani ni kumning'iniza kichwa chini au kumkandamiza tumbo ili maji yatoke. Maji yanayotoka hapo ni ya tumboni, na yataingia mapafuni. Dakika zinazopotea katika kazi hiyo ni za pumzi. Yapasa alazwe chali penye imara, kichwa kiinuliwe kidogo kwa nyuma na kidevu kinyanyuliwe, na msaidizi aweke shavu lake karibu na mdomo wake asikilize na kutazama kifua, si zaidi ya sekunde 10. Asipopumua, pua ibanwe, mdomo ufunikwe kwa mdomo, na apulizwe pumzi 5 mpaka kifua kionekane kupanda. Povu likitoka lisishughulikiwe. Kisha kitako cha kiganja kiwekwe katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, na kifua kikandamizwe mara 30 kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Zifuate pumzi 2, kisha 30 tena, na kuendelea hivyo bila ya kusita, watu wakipokezana wanapochoka, mpaka apumue au wafike wenye utaalamu. Kwa mtoto kina hupungua kufuata mwili wake, thuluthi ya kifua. Ama mtu mzima aliyeanguka ghafla nchi kavu na hapumui, na aliyepo hajapata mafunzo ya kupuliza, basi kukandamiza kifua peke yake ni bora mara nyingi kuliko kusimama na kushika kichwa.

Hapa ndipo linapozuka suala ambalo watu hulinong'ona na hawalisemi. Aliyezama ni mwanamke, na waliopo ufukweni ni wanaume wasiokuwa maharimu zake. Au aliyeanguka ni mwalimu mwanamme, na waliopo darasani ni wanawake. Mikono husita. Dakika nne au tano za kusita bila ya pumzi huanza kuua ubongo. Wanavyuoni wa fiqhi hawakuacha jambo hili bila ya kauli. Dharura huondosha uzito wa makatazo kwa kadiri ya dharura yenyewe, na kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makubwa ya sharia. Akiwapo mwanamke anayejua, yeye atangulie. Asipokuwapo, aliyepo afanye, na wengine wawazungushie kanga kuwa pazia ili sitara ipatikane. Kanga pwani hazikosekani. Suala hili lafaa lizungumzwe misikitini na madrasani watu wakiwa na utulivu, kwa maana ufukweni hapana nafasi ya kuulizia fatwa.

Aliyezinduka baada ya kuzama apelekwe hospitali hata akisema hajambo. Mapafu yaliyoingia maji huweza kumgeuka baada ya saa kadhaa.

Mwiba wa taa, na miba ya samaki wengine wenye sumu, hutulizwa kwa maji ya moto kiasi cha kuvumilika, mguu ukitiwa humo nusu saa hadi saa moja na nusu. Maji yapimwe kwanza kwa mguu mzima, kwa sababu mguu wenye maumivu hauhisi unavyoungua. Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni usitolewe. Nyoka naye asikimbizwe. Aliyeumwa akae kitako, atulizwe, pete na viatu vitolewe, mkono au mguu ufungwe banzi usitikisike, na apelekwe hospitali kwa kubebwa, asitembee. Kuchanja, kunyonya, kufunga kamba ya kukaza na kubandika jiwe la nyoka ni kupoteza wakati, na kuchanja huongeza jeraha la pili. Mate ya nyoka machoni huoshwa kwa maji mengi dakika 15 hadi 20. Na aliyeng'atwa na mbwa au paka aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende kutafuta chanjo siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili, takriban hakina dawa.

Degedege la mtoto huwatia wazee wake khofu kubwa, na ni haki yao. Mtoto alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu yake, nguo za shingoni zilegezwe, na saa itazamwe. Asishikwe kwa nguvu na asitiwe kijiko mdomoni, kwani kijiko huvunja meno na ulimi haumezwi. Mwenye kutaka kumsomea na asome, huku mtoto amelala ubavu, lakini maji na kombe visitiwe kinywani mpaka azinduke kabisa. Likipita dakika 5, au likarudi, apelekwe bila ya kungojea. Likikatika mapema bado apelekwe, kwa kuwa homa iliyolileta ina sababu yake. Taratibu hizi ni za mwenye kifafa pia.

Aliyekabwa na kipande cha nyama au embe, naye hawezi kusema wala kukohoa, ainamishwe mbele na apigwe mara 5 kati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Lisipotoka, msaidizi asimame nyuma yake, azungushe mikono, afumbe ngumi juu ya kitovu na avute ndani na juu mara 5, na kuendelea kwa zamu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hasukumwi tumbo. Hulazwa kifudifudi juu ya mkono kichwa kikiwa chini, akapigwa mgongoni, kisha hugeuzwa na kukandamizwa kifuani kwa vidole viwili. Kidole kisitiwe kooni kutafuta kisichoonekana.

Kwa watumishi wa maofisini yako mambo mawili ambayo hayana damu. La kwanza ni kisukari. Mwenzenu akitokwa jasho jingi, akatetemeka, akasema maneno yasiyoeleweka, hasa Ramadhani alasiri, huenda sukari yake imeshuka. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, na saumu yake ina ruhusa ya kukatwa. Akiwa amezimia asitiwe kitu mdomoni, alazwe ubavu. La pili ni kiharusi. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukakataa kuinuka, maneno yakawa mazito, basi saa dalili zilipoanza iandikwe na mgonjwa apelekwe hospitali upesi, kwa kuwa yapo matibabu yanayotegemea saa hiyo. Kumsubiri apumzike kidogo ofisini ni kumnyima saa alizonazo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar ya mwaka 2005 imemwekea mwajiri wajibu wa kulinda afya ya wafanyakazi wake, na Serikali ni mwajiri. Katika maofisi mengi sanduku la huduma ya kwanza lipo. Limetundikwa ukutani, lina alama yake, na lina kufuli. Ufunguo yuko nao mtu, na mtu yuko likizo. Likifunguliwa hukutwa mkasi uliopata kutu, chupa tupu ya dawa ya jeraha, na bendeji ambazo tarehe zake zimeshapita. Panadoli huwa zimekwisha siku nyingi, kwa sababu kila kichwa kilichouma kilikwenda hapo.

Sanduku halihitaji vitu vya gharama. Glavu jozi chache, vitambaa safi vya jeraha vikubwa na vidogo, bendeji za kuviringisha, bendeji za pembe tatu, plasta, mkasi mzima, pini, sabuni, sukari katika kichupa kilichofungwa vizuri, kalamu na daftari. Watumishi wawili katika kila jengo wapate mafunzo ya vitendo. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1962, ni miongoni mwa wanaoyatoa, na kukandamiza kifua hakujifunzwi kwa kusoma gazeti. Majina ya wawili hao yabandikwe juu ya sanduku pamoja na nambari za simu zao. Sanduku lisitiwe kufuli. Atakayetoa kitu aandike katika daftari alichokitoa, siku na saa, na mkuu wa utumishi wa jengo alipitie daftari hilo kila siku ya mwanzo ya mwezi, akirudishia kilichopungua kabla ya kuondoka kazini siku hiyo.